Kutoka Lugoba Kumtafuta Daktari wa Mguu

Mdogo wangu alijifungua mtoto wake wa kwanza mwezi wa pili. Mtoto wa kiume, mzima, kilo tatu na ushei, anayenyonya mpaka anatokwa jasho. Ndiyo maana mguu wa mama yake ulichelewa kusikilizwa. Kwetu Lugoba mzazi akipata mtoto mzima, na yeye mwenyewe hakutokwa damu nyingi, watu humshukuru Mungu na mazungumzo yanahamia kwenye jina la mtoto. Akisema mguu una ganzi anajibiwa kuwa huo ni uchovu wa uzazi, arobaini ikiisha nao utaisha. Arobaini iliisha. Mguu wa kulia ulibaki vilevile.

Akitembea sebuleni tulisikia unyayo ukipiga sakafu kila hatua, kwa sababu hakuweza kuushusha taratibu. Kidole gumba kiligoma kuinuka. Ndala ilimtoka njiani naye akaendelea kwenda bila kujua, mpaka mtoto wa jirani alipoiokota na kumkimbilia nayo. Ukimgusa juu ya unyayo, au upande wa nje wa muundi, alisema anasikia kwa mbali. Ukimgusa pajani au chini ya kisigino alisikia sawasawa. Usiku sehemu ileile iliyokuwa imekufa ganzi mchana kutwa ilimwaka moto na kumchoma sindano sindano, akawa analala ameuning'iniza mguu nje ya kitanda.

Ushauri haukukosekana. Shangazi yetu alisema kakanyaga kitu, na mguu wa kukanyaga haupelekwi hospitali, unapelekwa kwa mtu anayejua. Jirani alisema ni ile sindano ya mgongo, ingawa mdogo wangu alijifungua kwa njia ya kawaida na hakuna aliyemgusa mgongo. Shemeji yangu, ambaye anafanya kazi kwenye mashine za kusaga kokoto, alisema mguu ni mifupa na mifupa ni MOI, ile taasisi ya mifupa ya Muhimbili, basi. Wenzake wakiangukiwa na jiwe ndiko wanakoishia. Rafiki yake aliyeko Dar es Salaam alimtumia tangazo la kliniki moja ya binafsi: picha ya mgongo pamoja na makopo ya virutubisho, kwa bei ambayo shemeji angeilipa kwa miezi kadhaa ya kokoto. Mama alitaka aonwe na daktari wa wanawake, kwa hoja kwamba lililoanzia kwenye uzazi lazima liishie kwenye uzazi. Kila mtu alikuwa na daktari wake, na kila daktari alikuwa na nauli yake.

Kilichotuharakisha ni lengelenge. Shangazi alikuwa akimkanda kwa maji ya moto, kama wanavyokandwa wazazi wa pwani yote hii, tumbo, kiuno, mapaja. Siku moja alishuka hadi kwenye muundi, akaiacha taulo pale huku akitafuta mafuta. Mdogo wangu alikaa ametulia anaongea na mwanawe. Taulo ilipoinuliwa, ngozi ilikuwa imetoka lengelenge la upana wa kiganja, na mwenyewe hakusikia chochote. Shangazi alilia sana, na nilimhurumia, maana alichokifanya ndicho alichofanyiwa yeye na mama yake kabla yake. Lakini ngozi isiyojua moto si uchovu wa uzazi. Usiku huo nilimwambia shemeji, "Kesho tunaanza na kituo cha afya hapahapa. Tukitoka hapo ndipo tutajua nauli ni ya kwenda wapi." Alikubali.

Kituo cha Afya cha Lugoba tulipokewa na tabibu kijana ambaye, kabla hajautazama mguu, aliuliza mambo niliyodhani hayahusiani nao.

"Dada, mkojo unaubana mwenyewe au unakutoka bila taarifa? Na haja kubwa? Ukikaa, pale unapokalia panasikia kiti? Umepata homa? Mgongo unauma hasa, wa kukukosesha usingizi? Ganzi inapanda, au iko palepale tangu siku ya kwanza? Mguu wa pili ni mzima? Macho, maneno, mikono, sawa?"

Mdogo wangu alijibu moja moja: mkojo sawa, haja sawa, homa hapana, mguu wa pili mzima, ganzi haijahama. Tabibu akashusha kalamu, akatueleza kwa nini ameanza huko. Mwanamke aliyejifungua karibuni akifa ganzi pale anapokalia na kushindwa kuzuia choo, au akawa na homa na maumivu makali ya mgongo huku miguu inalegea, huyo hasubiri barua wala zamu. Anatafutiwa gari saa hiyohiyo, kwa sababu uti wa mgongo unabanwa na kila saa inahesabika. Udhaifu unaopanda kutoka miguuni kwenda juu nao ni wa siku hiyohiyo. Na uso ukipinda au ulimi ukawa mzito, hicho huenda ni kiharusi, na wazazi wapya wanakipata pia.

Kisha kuna jibu jingine ambalo lingetupeleka njia nyingine kabisa. Mkojo ungekuwa unavuja mfululizo tangu kujifungua, usiku na mchana, hiyo ingekuwa fistula, na barua ingeandikwa kwenda hospitali ya CCBRT, Msasani, ambako wanawake wenye fistula wanatibiwa bure. Nilishangaa anaunganisha mkojo na mguu. Baadaye nilisoma, nikaelewa. Kichwa cha mtoto kinapokwama kwenye nyonga muda mrefu kinabana vyote vilivyomo, kibofu na mishipa ya fahamu kwa pamoja. Daktari Kees Waaldijk, aliyefanya kazi na wagonjwa wa fistula kaskazini mwa Nigeria, alichapisha mwaka 1994 uchunguzi wa wanawake zaidi ya 900. Zaidi ya robo yao walikuwa na udhaifu wa unyayo wa aina hii. Hata kule Addis Ababa, kwenye hospitali ya fistula ambayo Catherine Hamlin na mumewe Reginald waliianzisha mwaka 1974, tangu zamani wamewaona wanawake wanaofika wakiburuta miguu. Wengi wao ni watu wa vijijini waliokaa na uchungu mrefu wakiwa mbali na mahali pa kupasuliwa. Swali la mkojo watu wanaona haya kuliuliza, na wagonjwa wanaona haya zaidi kulijibu. Kijana yule aliliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Aliandika barua. Hakuandika jina la ugonjwa, aliandika maswali: unyayo hauinuki tangu kujifungua, ganzi upande wa nje wa muundi, je, mshipa umebanwa wapi, na nyonga iko salama? Alifunga kidonda, akakataza maji ya moto kwenye mguu ule. Hospitali ya Msoga, ambayo iko njiani kuelekea Chalinze, walimpima sukari na damu, wakampima virusi vya UKIMWI pia, kwa sababu vyote hivyo vinaweza kuharibu mishipa ya fahamu bila uzazi kuhusika. Majibu yalikuwa safi. Wakatupa rufaa ya kwenda Tumbi, Kibaha. Hapo ndipo safari yenyewe ilipoanza.

Nimepita barabara ya Chalinze mara nyingi nikienda kununua vitu au kwenye misiba, lakini sikuwa nimewahi kusafiri nikiwa na mgonjwa. Barabara inakuwa nyingine. Mwenye mguu usioinuka anaogopa ngazi ya basi kuliko anavyoogopa mwendo wa dereva; ncha ya kiatu inanasa kwenye kila kidato. Kondakta wa kwanza alipiga bodi kabla mdogo wangu hajatia mguu wa pili ndani. Wa pili, mzee wa makamo, aliruka chini, akamshika kiwiko, akasema, "Taratibu mama, gari haliondoki bila wewe," kisha akamwondoa kijana kwenye kiti cha mbele. Mimi nilibeba mtoto na mkoba wa makaratasi. Chalinze tulibadilisha gari katikati ya wauza korosho na mayai ya kuchemsha waliojaa madirishani, tukapita Vigwaza kwenye foleni ya malori yanayongoja mizani, tukavuka Ruvu iliyokuwa imejaa maji ya masika. Mdogo wangu alikuwa ameweka miguu miwili kwenye sakafu ya gari, na kila baada ya muda alikuwa akiinama kuutazama wa kulia.

"Unaangalia nini?" nilimuuliza.

"Naangalia kama bado upo kwenye kiatu, dada. Nisipoangalia sijui."

Njiani tulijadiliana tena. Mama alikuwa amempa hela ya daktari wa wanawake, shemeji amempa hela ya MOI, na shangazi alikuwa amemfungia kitu kwenye pindo la kanga ambacho sikukiuliza. Mdogo wangu alikuwa na hofu moja ambayo hakuwa amemwambia mtu mwingine: kwamba daktari atakayemwona atasema asizae tena. Nilimwambia swali hilo tulipeleke lilivyo, kwa mtu anayeweza kulijibu.

Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi imezoea miguu. Iko kwenye barabara ya Morogoro, na ajali nyingi za barabara hiyo zinaishia pale. Sisi tulielekezwa kwanza kwa daktari bingwa wa wanawake, na mama yangu alikuwa sahihi kwa sehemu: kuna mambo ambayo ni huyo tu anayeweza kuyaondoa mezani. Alimpima mdogo wangu kwa utulivu nyuma ya pazia, akaangalia kama kuna mchaniko ulioachwa, kama kuna uvimbe wa damu ndani ya nyonga, kama kuna mahali panapovuja. Alisoma kadi ya kliniki ukurasa kwa ukurasa. Akauliza alisukuma muda gani, na alikuwa amekaa vipi.

Mdogo wangu alionyesha. Alilala chali kwenye kitanda cha kupimia, akakunja magoti, akaingiza mikono chini yake na kuyavuta kuelekea kifuani, vidole vimeng'ang'ania upande wa nje chini kidogo ya goti. "Niliambiwa nishike hivi na nisiachie. Nilishika muda mrefu sana, mpaka mikono ikafa."

Daktari alimtazama bila kusema kitu, akaandika. Halafu akasema, "Kwa upande wangu, mama, uko salama. Mji umerudi, hakuna panapovuja, njia imepona. Kilichobaki si cha kwangu. Nataka ukaonwe na mtu wa mishipa ya fahamu, mara moja tu, atuambie ni wapi."

Nilipenda neno lile, si cha kwangu. Daktari anayejua mipaka ya kazi yake anamwokolea mgonjwa miezi. Barua aliyotupa ilielekezwa Muhimbili, na alipigia mstari maneno matatu: magonjwa ya ndani. Alituonya kwamba bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) iliyoboreshwa, wakati ule ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, iliishia kwenye hospitali ya mkoa. Kule mbele tutalipa wenyewe. Nilihesabu hela za mama na za shemeji kwa pamoja, nikaona zinatosha kumwona daktari na kipimo kimoja, hazitoshi picha ya mgongo.

Tulilala Kibamba kwa mjomba. Alfajiri tukapanda daladala hadi Kimara, na kutoka pale mwendokasi hadi kituo cha Fire. Mlango wa mwendokasi uko usawa na jukwaa, hakuna ngazi, na mdogo wangu aliingia peke yake bila kushikwa kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani. Bajaji ikatumalizia.

Kila tuliyemuuliza njia pale Muhimbili, akisikia mishipa ya fahamu, alinyoosha mkono kuelekea MOI. Si kosa lao. Taasisi ile ilianzishwa kwa sheria mwaka 1996, na kazi yake ni mifupa, ubongo, mgongo na mishipa ya fahamu, kwa hiyo jina limejengeka. Ila kazi kubwa ya MOI ni upasuaji: mfupa uliovunjika, pingili iliyoteguka, uvimbe wa kwenye ubongo, mshipa uliokatika. Yule anayekaa na nyundo ndogo na pamba, akakuuliza na kukupima mpaka ajue ni mshipa upi na umeumia wapi, ni daktari bingwa wa magonjwa ya mfumo wa fahamu, naye kwa kawaida yuko upande wa magonjwa ya ndani. Majina yanafanana kiasi kwamba mtu anaweza kukaa foleni tangu asubuhi, akafika mbele, akaambiwa foleni yake iko jengo jingine. Muuguzi wa mapokezi aliona mstari wa daktari wa Tumbi chini ya yale maneno matatu, akatuelekeza moja kwa moja.

Tulipita karibu na jengo la Sewahaji, nikamwonyesha mdogo wangu. Sewa Haji Paroo alikuwa tajiri wa Kihindi wa Bagamoyo, mtu wa kwetu kwa namna fulani, aliyeandaa misafara ya kwenda bara enzi za wapagazi. Fedha zake ndizo zilizojenga hospitali ya watu wa kawaida Dar es Salaam miaka ya mwisho ya 1890, miongo mingi kabla Muhimbili haijafunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret. Yeye alifariki mwaka 1897. Mdogo wangu alisimama akalisoma jina kwenye ukuta. "Wa Bagamoyo?" aliuliza, akaonekana kufurahi kidogo, kana kwamba tumekuta ndugu.

Kusubiri kulikuwa kurefu. Nilinunua chai na maandazi, mtoto alinyonya akalala, akaamka akanyonya tena. Kwenye benchi letu alikuwapo mama mwingine, wa Mkuranga, naye alianza ganzi baada ya kujifungua, lakini yake ilikuwa ya paja upande wa nje tu, bila udhaifu. Dada mwingine alisema goti lake linamwangusha kila akishuka ngazi. Watatu wote ni wazazi, wote wanasema mguu, na kumbe mishipa iliyoumia ni mitatu tofauti. Si jambo la ajabu kama tunavyoaminishwa. Mwaka 2003 madaktari wa Chicago walichapisha uchunguzi wa wanawake zaidi ya 6,000 waliojifungua, wakawahoji mmoja mmoja. Karibu mmoja katika kila 100 alikuwa na mshipa ulioumia miguuni. Walioumia zaidi ni wa uzazi wa kwanza na waliosukuma muda mrefu wakiwa wamekunja miguu. Nusu yao dalili ziliisha ndani ya miezi miwili. Mdogo wangu alikuwa anakaribia kuivuka miezi hiyo.

Daktari alikuwa mwanamke, si mkubwa sana kwa umri. "Shikamoo dokta," alisema mdogo wangu. "Marahaba, mama. Mtoto mpe mama mkubwa, wewe vua viatu."

Nilichokiona kwa muda uliofuata ndicho nilichokuwa nakitafuta tangu lile lengelenge, na hakikuhitaji mashine. Alimwambia atembee kwa vidole: akaweza. Atembee kwa visigino: wa kushoto ukaweza, wa kulia ukaanguka chini. Akaushika unyayo mkononi. "Uinue juu." Hakuna kitu. "Ugeuze kwa nje." Hakuna. "Ugeuze kwa ndani, unisukume." Ukasukuma, kwa nguvu. Daktari akarudia tena hilo la mwisho, kwa makini. Akamlaza ubavu, akamwambia ainue mguu mzima kutoka kwenye nyonga: sawa. Akagonga magoti na vifundo kwa nyundo: sawa. Kwa pamba akachora mpaka wa ganzi kwenye ngozi, na nikaona kwa wino mahali ambapo mguu wa mdogo wangu unaishia kusikia. Mwishowe akapapasa upande wa nje chini ya goti, pale penye kifundo cha mfupa mdogo wa muundi, akapagonga kwa ncha ya kidole. Mdogo wangu akaruka. "Umeme!" alisema. "Umekwenda mpaka kidoleni."

"Ndipo hapo," daktari alisema.

Akatueleza. Mshipa unaoinua unyayo unapita pale juu ya mfupa, chini ya ngozi tu, hauna nyama ya kuulinda. Mikono iliyoshika magoti kwa nguvu wakati wa kusukuma inaweza kuubana dhidi ya mfupa. Kuchuchumaa muda mrefu kunaweza pia, na vyuma vya kuwekea miguu. Ungekuwa umebanwa juu zaidi, kwenye nyonga na kichwa cha mtoto au kwenye pingili za mgongo, unyayo usingeweza kugeuka kwa ndani vile, na nyonga ingelegea. Kwa hiyo picha ya mgongo haina kazi. "Mtu akikuambia upige, muulize anatafuta nini."

Kuhusu kupona, alisema mshipa ni waya wa umeme: mara nyingi kinachochubuka ni ganda la nje, na ganda linarudi kwa wiki au miezi michache; waya wa ndani ukikatika unaota upya kwa kama milimita 1 kwa siku, na kwa bahati nzuri kutoka gotini hadi kwenye misuli ya muundi si mbali. Kuna kipimo cha kupitisha umeme kidogo ili kujua ni lipi kati ya hayo. Hakukiandika siku hiyo. Ikiwa kidole gumba hakijaonyesha dalili yoyote ya kuinuka ifikapo mwezi wa nne tangu kujifungua, turudi kifanyike, na hapo ndipo mtu wa upasuaji anaweza kuingia.

Mdogo wangu akauliza lile swali la kwenye basi. Daktari aliweka kalamu chini. "Utazaa. Hakuna kinachokukataza, na hili peke yake halikupeleki kupasuliwa. Ila mkunga ajue tangu kliniki ya kwanza, na siku ya uchungu usishike magoti. Ulale ubavu, ubadilishe mkao. Nakuandikia kwenye kadi." Akaandika kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, ili mkunga yeyote wa zamu ya usiku asome bila kukisia.

Halafu alimkataza kuchuchumaa na kukunja nne.

"Dokta, sisi kwetu kila kitu ni kuchuchumaa," mdogo wangu alisema. "Kufua, kuosha vyombo, mafiga, choo."

Daktari hakulipuuza. Walikaa wakaipitia siku nzima, shughuli moja baada ya nyingine: kigoda jikoni, beseni juu ya meza, kiti cha mbao kilichotobolewa katikati kwa ajili ya chooni, ambacho fundi seremala yeyote wa Lugoba anaweza kukifanya kwa mchana mmoja. Viatu vya kufunga, si ndala. Kuangalia ngozi kila jioni kwa macho, kwa sababu yenyewe haisemi. Akamwandikia kifaa cha plastiki cha kushikilia unyayo usianguke, kinachovaliwa ndani ya kiatu. Mafundi wanaotengeneza vifaa hivyo hapa nchini wengi wamepita kwenye chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, Moshi, ambacho kimekuwa kikifundisha tangu mwaka 1981. Tulipimwa siku hiyohiyo.

Swali la daktari yupi, lililotutoa nyumbani, alilijibu mwenyewe bila kuulizwa. Alisema yeye kazi yake imekwisha kwa sasa. Mtu wa kumwona kila wiki ni wa mazoezi tiba, na asiwe wa Muhimbili, awe wa karibu, kwa sababu mgonjwa wa mbali huja mara mbili akaacha. Hilo naliamini kuliko ushauri wote tuliopewa Lugoba. Tunalikimbilia jina kubwa tukidhani ndilo linaloponya, na hela inaishia kwenye nauli ya kwanza, wakati kinachourudisha unyayo ni mazoezi ya kila siku na mtu anayekuangalia kama unayafanya vizuri.

Tuliporudi tulishuka Tumbi na kuingia chumba cha mazoezi tiba. Mtaalamu alikuwa mama wa makamo, mikono mipana. Alisoma barua, akamkalisha mdogo wangu, akamfundisha kujinyoosha kisigino kwa kanga: unaipitisha chini ya unyayo, unavuta ncha mbili kuelekea kwako, unahesabu, unaachia, ili mkano wa nyuma usikakamae wakati misuli ya mbele imelala. Akamwonyesha jinsi ya kujaribu kuinua kidole hata kama hakiinuki, macho yamekitazama, kwa sababu misuli isiyoagizwa inasahau. Mimi alinifundisha pia, maana nyumbani ni mimi nitakayehesabu.

Mdogo wangu aliuliza ni lini atabeba ndoo kichwani.

"Siku utakayotembea kwa kisigino cha kulia kutoka mlango huu hadi dirisha lile," alisema. "Kabla ya hapo, ndoo abebe baba mtoto. Nipe namba yake ya simu, nitamwambia mwenyewe."

Alimpigia palepale. Nilisikia mashine za kokoto nyuma ya sauti ya shemeji, akijibu kwamba ndiyo, amesikia, na je, mazoezi hayo ya kila wiki yanaanza saa ngapi, ili aombe ruhusa ya kumsindikiza.